PCOS si suala la uzazi peke yake: sukari ipimwe mapema

Mwanamke anapoambiwa ana PCOS, yaani mvurugiko wa homoni unaoathiri ovari na hedhi, mazungumzo katika chumba cha daktari huelekea upesi kwenye uzazi: je, atashika mimba, na hedhi yake itakaa sawa lini? Ni maswali ya haki kabisa. Ninacholalamikia ni kwamba sukari ya damu huachwa iulizwe baadaye, na mara nyingi hiyo baadaye haifiki mpaka kisukari aina ya pili kiwe kimeshaingia.

Uhusiano huu haukugunduliwa juzi. Mwaka 1921 madaktari wawili wa Ufaransa, Achard na Thiers, waliandika kuhusu kisukari cha wanawake wenye ndevu, na mwaka 1935 Stein na Leventhal wa Chicago wakaieleza hali ya ovari zenyewe. Kinachoziunganisha habari hizo mbili ni usugu wa insulini, homoni inayoshusha sukari ya damu. Misuli na ini vinapoacha kuitikia insulini ipasavyo, kongosho hulazimika kuimwaga kwa wingi zaidi ili sukari isipande. Ovari, kwa bahati mbaya, huendelea kuitikia, na wingi huo huzichochea zitengeneze homoni za kiume kupita kiasi, huku ini likipunguza protini ambayo kwa kawaida huzishika homoni hizo katika damu. Hapo ndipo huja chunusi, nywele za kidevuni na hedhi inayopotea kwa miezi. Siku kongosho litakapozidiwa, sukari nayo itapanda.

Kwa hiyo sikubaliani na wanaodhani kwamba mwanamke mwembamba hana la kuhofia. Uzito mkubwa huongeza usugu huo, lakini hata wembamba wenye PCOS wanaweza kuwa nao. Ishara mojawapo huonekana kwa macho: ngozi ya shingoni au kwapani hugeuka nyeusi na nene, laini kama mahameli, na msichana huisugua kwa sabuni hadi ichubuke kwa sababu ameambiwa haogi vizuri. Anachohitaji ni kipimo.

Kipimo chenyewe pia kina mambo yake. Sukari ya asubuhi kabla ya kula inaweza kuonekana ya kawaida wakati mwili tayari unashindwa kuihimili sukari baada ya mlo. Ndiyo maana mwongozo wa kimataifa wa PCOS wa mwaka 2023 unapendelea kipimo cha kunywa gramu 75 za glukosi na kusubiri saa mbili: matokeo ya kuanzia milimoli 7.8 hadi 11.0 kwa lita ni onyo, na 11.1 au zaidi huashiria kisukari. Mwongozo huo unataka sukari ichunguzwe mara PCOS inapogunduliwa, bila kujali umri wala uzito, kisha kila baada ya mwaka mmoja hadi mitatu. Saa mbili za kukaa kwenye benchi zinachosha, nakiri, lakini si sababu ya kukiruka.

Vidonge vya kupanga uzazi hurekebisha hedhi na kupunguza chunusi, ila haviondoi usugu wa insulini. Hiyo ni kazi ya mazoezi, mlo na, kwa baadhi ya wanawake, dawa ya kisukari iitwayo metformini. Anayetafuta mtoto ana sababu ya ziada ya kupimwa kabla hajashika mimba, kwani viungo vya mtoto huanza kuumbika katika majuma ya mwanzo, pengine mama hajajua kama ni mjamzito, na sukari iliyopanda wakati huo humdhuru.