Mtoto wa darasa la sita akariri katekisimu au tumwache aulize?

Jumapili iliyopita hapa Tabora baada ya misa ya pili kulitokea ubishi nje ya kanisa, wazazi wa watoto wanaojiandaa kwa kipaimara (sakramenti ya kuimarishwa katika imani) na katekista wetu, yaani mwalimu wao wa dini. Mzee mmoja analalamika watoto wa siku hizi hata amri za Mungu hawazijui kwa mpangilio, mama mmoja akamwambia "Babu, wangu anazitaja zote kumi bila kukosea, halafu jioni ananificha chenji ya sukari". Watu wakacheka, ila mi nikaondoka na hiyo hoja kichwani.

Wanaotetea kukariri tusiwabeze jamani. Papa Yohane Paulo wa Pili mwaka 1979 aliandika kabisa kwamba imani haichanui kwenye mafundisho yasiyoacha kitu kwenye kumbukumbu, na Katekisimu ya Kanisa Katoliki (kitabu cha mafundisho ya imani) ya mwaka 1992 namba 2688 inasema kukariri sala za msingi ni msaada mkubwa, ila (na hapa ndo wengi wanaruka) watoto wasaidiwe kuonja maana yake. Halafu angalia hali halisi ya vigangoni, makanisa madogo ya parokia, katekista mmoja, watoto themanini chini ya mwembe, kitabu kimoja, sasa utafundishaje zaidi ya swali na jibu? Bibi yangu alikuwa hajui kusoma lakini Kanuni ya Imani alikufa nayo mdomoni. Na wazazi wanaona majirani, mtoto wa madrasa anakariri sura nzima nzima kwa Kiarabu, wanauliza wetu ana nini cha kushindwa Salamu Malkia kwa Kiswahili chake mwenyewe.

Sasa hao hao majirani ndo wanaonifanya niegemee upande wa pili. Tabora hii mtoto wako anakaa dawati moja na Waislamu kila siku, ni marafiki, wanacheza mpira pamoja, lazima watahojiana. Mpwa wangu wa darasa la sita aliulizwa "nyie si mna Mungu watatu?" akajibu vizuri tu kama alivyofundishwa, Mungu mmoja nafsi tatu, mwenzake akamuuliza tena "nafsi ndo nini?" akabaki anatoa macho. Jumamosi akalipeleka mafundishoni akaambiwa hilo ni fumbo, kaa chini.

Ni fumbo kweli, sibishi. Lakini Mtakatifu Augustino aliandika vitabu 15 juu ya hilo hilo fumbo, hakukaa chini! Fumbo maana yake hulimalizi, sio kwamba haliguswi.

Tatizo naona tunachanganya umri. Papa Pio wa Kumi mwaka 1910 aliruhusu komunyo kwa watoto wa kama miaka saba, na alichotaka wajue ni kidogo tu kwa kadiri ya umri wao, hasa watofautishe Ekaristi na mkate wa kawaida, kwa hiyo huyo mdogo mkaririshe, anafurahia hata, anaimba. Ila huyu wa miaka 12 ameshaanza kujiuliza kwanini Mungu aliacha mdogo wake afe kwa malaria, we bado unampa majibu yale yale ya darasa la tatu. Mapadri Weupe, wale wamisionari Wakatoliki waliofika huku 1878, walitakiwa na mwanzilishi wao Kardinali Lavigerie wawafundishe watu miaka minne kabla ya ubatizo, na wengine walikuwa watu wazima hao, hawakuona haraka yoyote. Sisi kipaimara tunataka kiishe kabla ya mtihani wa darasa la saba.

Katekista nae namuelewa, asilimwe yeye lawama zote. Posho yenyewe ya kubahatisha, ana shamba lake la tumbaku, ukifungua mlango wa maswali likija gumu akakosea si ndo kapotosha watoto themanini? Bora aseme fumbo. Mi nilipendekeza kuanzia darasa la tano nusu ya kipindi iwe maswali tu, yanayomshinda yaandikwe kwenye daftari paroko aje mara moja kwa mwezi ayajibu. Mzee akaguna, akasema watoto watazoea kubisha.

Katekista yeye akaniuliza swali moja tu, nani atakuja kumsaidia. Basi nimepangiwa wavulana wa darasa la sita, Jumamosi saa tatu, mpwa wangu yumo na ile nafsi yake bado anaidai.