Ruta Kuukuu, Meshi Mpya na Wapangaji wa Uani

Muulize fundi yeyote wa kompyuta pale Isevya au Ng'ambo, mjini Tabora, kuhusu seti ya meshi, yaani vile visanduku viwili au vitatu vinavyogawa waifai moja nyumba nzima. Atakujibu kwa vimistari, vile vya mtandao kwenye kioo cha simu: mtandao utashika mpaka uani. Mwenye nyumba naye hupinga kwa vimistari hivyohivyo: mbona hapa sebuleni unashika vizuri, nitoe pesa za nini? Ubishi wote unaishia kwenye nguvu ya mawimbi. Usalama hautajwi, na anayetaka kubadilisha ruta anaonekana mtu wa kupenda vitu vipya.

Geuza ruta uangalie chini. Kwenye kibandiko kuna jina la waifai, nenosiri la kiwandani, anwani ya ukurasa wa mipangilio, na katika ruta nyingi za zamani kuna tarakimu nane zilizoandikwa WPS PIN, namba ya kuunganishia kifaa bila kuandika nenosiri. Kibandiko hicho ndicho mpangaji hupiga picha siku ya kwanza anapohamia, maana ni rahisi kuliko kutajiwa herufi moja moja. Akihama, picha anaondoka nayo.

Watu hufikiri dawa ni kubadilisha nenosiri. Ingekuwa dawa kama si zile tarakimu nane. Kwa hesabu ya haraka, tarakimu nane ni michanganyiko milioni 100. Lakini Desemba 2011 mtafiti Stefan Viehböck alionyesha kuwa hesabu hiyo inadanganya. Tarakimu ya nane hukokotolewa kutokana na saba zilizotangulia, kwa hiyo haina siri yoyote; imebaki michanganyiko milioni 10. Tena ruta haingoji kuletewa zote. Hupokea nne za kwanza na kujibu kama ni sahihi au la, ndipo ipokee tatu zinazofuata. Nne za kwanza ni majaribio 10,000, tatu za pili ni 1,000. Jumla 11,000, basi. Kila jaribio likichukua sekunde mbili, kazi nzima ni saa sita na dakika chache. Kompyuta iliyoachwa ikifanya kazi hiyo baada ya swala ya isha inamaliza kabla ya adhana ya alfajiri, na hapo tumechukulia mchanganyiko sahihi ni wa mwisho kabisa kwenye orodha. Mwaka 2014 ikagundulika kuwa chipu za baadhi ya ruta huchagua namba zao za siri ovyo kiasi kwamba hata hizo saa sita hazihitajiki, dakika chache zinatosha.

PIN ikishajulikana, ruta hutoa nenosiri lenyewe, herufi kwa herufi. Ukibadilisha nenosiri leo, PIN ileile itatoa jipya kesho. Ruta zilizotengenezwa baadaye nyingi hugoma baada ya majaribio machache ya kukosea. Zile zilizokaa juu ya kabati tangu miaka hiyo, nyingi hazigomi.

Wanaosema hofu hii imekuzwa wana hoja moja nzuri sana. Nyumba nyingi za Tabora zinapata intaneti kwa ruta ya laini ya simu, na kampuni za simu kwa kawaida huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya intaneti. Mtu aliye nje ya nchi hawezi kuigonga ruta yako moja kwa moja, maana haionekani. Mei 2025 FBI ya Marekani ilitoa tahadhari kuhusu ruta zilizoachwa na watengenezaji wake, zikiwemo Linksys E1200 na WRT310N, ambazo wahalifu walizigeuza vituo vya kupitishia shughuli zao ili wasijulikane. Ruta ya aina hiyo huvamiwa kwa kuwa ukurasa wake wa mipangilio unafikika kutoka intaneti. Ya laini ya simu mara nyingi haifikiki hivyo. Mwenye faiba aliyepewa anwani yake ya umma, na ambaye mtu alimwashia usimamizi wa mbali, yaani kufungua ukurasa huo kutoka nje ya nyumba, huyo yuko katika hatari ileile.

Kwa hiyo kwa nyumba nyingi za hapa hatari iko umbali wa ukuta mmoja. Nyumba ya kawaida ina nyumba kubwa mbele, ua wenye mwembe, na vyumba vya wapangaji nyuma. Mwenye laini ni mmoja, kaisajili kwa alama za vidole, na watumiaji ni kumi. Likifanyika kosa la mtandao kupitia laini hiyo, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 ipo, na upelelezi utaanzia kwa mwenye jina. Atakuwa na kazi ya kueleza kwamba nenosiri lilikuwa kwa kila mtu.

Ripita ndiyo inayosahaulika kuliko vyote. Vyumba vya uani visiposhika mtandao, hununuliwa kile kidubwasha cheupe cha kuchomeka kwenye soketi. Nacho ni kompyuta ndogo yenye ukurasa wake wa mipangilio, ambao mara nyingi hufunguka kwa admin na admin, kina kitufe chake cha WPS, na hakuna aliyewahi kukitafutia sasisho tangu kitoke kwenye boksi. Nyumba yenye ruta moja na ripita mbili ina milango mitatu, na hakuna anayeilinda hata mmoja. Ukitaka kulinganisha bei ya meshi na kitu, ilinganishe na mkusanyiko huo mzima. Kuilinganisha na ruta moja ni kuionea.

Meshi nzuri huifanya milango hiyo kuwa mmoja. Visanduku vyote husimamiwa kutoka programu moja ya simu na hupokea sasisho pamoja. Meshi za eero na Google Wifi hujisasisha zenyewe na hazina WPS kabisa. Deco za TP-Link zina sasisho la moja kwa moja pia, ila hakikisha umeliwasha kwenye programu, usidhani limewaka. Kuna mtandao wa wageni: wapangaji wanaingia humo, wanapata intaneti, lakini hawaioni printa wala kompyuta ya nyumba kubwa. Mpangaji akihama unabadilisha nenosiri la wageni tu, na televisheni ya sebuleni haiguswi. Ruta moja mpya ya kawaida nayo inayafanya mengi ya haya, na kwa nyumba ya vyumba viwili isiyo na uani mimi nisingeshauri meshi hata kidogo. Tatizo la ruta moja ni kwamba uani patabaki bila mtandao, na ripita itarudi.

Upande wa pili, yaani wasioona haja ya kununua meshi, unasema safisha ulichonacho kwanza. Ni ushauri sahihi, na hauna gharama. Kwenye kivinjari ingia 192.168.1.1 au 192.168.0.1, badilisha nenosiri la ukurasa wenyewe, zima WPS, zima usimamizi wa mbali, kwenye aina ya ulinzi wa waifai chagua WPA2 yenye AES, kisha tafuta toleo jipya la programu ya ndani ya ruta (firmware) kwenye tovuti ya mtengenezaji. Hatua hii ya mwisho ndiyo inayoamua. Ukikuta toleo la mwisho ni la miaka sita iliyopita, usafi wako ni wa muda, kwa sababu kasoro itakayogunduliwa kesho haitazibwa na mtu. Zipo pia ruta ambazo ukizima WPS kwenye ukurasa, PIN inaendelea kufanya kazi kimyakimya. Viehböck alipotangaza kasoro ile, hilo lilionekana kwenye ruta zilizokuwa madukani.

Hoja yao ya umeme sina la kuipunguza. Ruta moja yenye betri ndogo ya volti 12 inavumilia katizo la jioni: betri iliyoandikwa 8,800 mAh, zikihesabiwa kwa volti 3.7 za seli zake, ina kama Wh 32 (wati kwa saa), na ruta inayokula wati 6 itakaa nayo saa nne hivi, maana sehemu hupotea katika kupandisha volti. Meshi ya visanduku vitatu inataka betri tatu, la sivyo umeme ukikatika uani panazimika huku sebuleni pakiendelea. Kagua na volti pia, kwa kuwa baadhi ya visanduku hutumia 9 au 15, si 12.

Na hata meshi huzeeka. Google ilitoa ruta yake ya OnHub mwaka 2015, iliyosimamiwa kwa programu ya simu na kujisasisha yenyewe. Januari 2023 ikaacha kuisimamia, na mwenyewe hakuweza tena kubadilisha hata jina la waifai. Kabla ya kulipa, tafuta kwenye tovuti ya mtengenezaji amesema atatoa sasisho mpaka lini. Asipotaja, chukua ya mwingine.

Sasa, kosa linaloharibu yote haya hufanywa na fundi, tena kwa nia njema. Anachomeka kisanduku kikuu cha meshi kwenye ruta ya zamani, anachagua hali ya kituo cha waifai tu (access point) kwa kuwa ndiyo inayowaka haraka, anapokea chake na kuondoka. Vimistari vimejaa. Lakini anayegawa anwani, anayeelekeza simu zitafute tovuti wapi, na anayesimama mlangoni ni ruta ileile kuukuu. Kuhakikisha ni dakika moja: fungua maelezo ya waifai kwenye simu uangalie anwani ya geti (gateway), yaani kifaa kinachosimama mlangoni. Deco inayofanya kazi ya ruta kwa kawaida huonyesha 192.168.68.1. Ukikuta anwani ileile uliyokuwa ukiingilia ruta ya zamani, hujabadilisha kitu zaidi ya vimistari.

Kwa faiba, omba mtoa huduma akiweke kisanduku chake katika hali ya daraja (bridge), ili meshi ipokee intaneti moja kwa moja. Kwa ruta ya laini ya simu mara nyingi hali hiyo haipo, na huwezi kuiondoa kwa kuwa laini imo ndani yake. Hapo ishushe cheo. Zima waifai yake yote, zima WPS, badilisha nenosiri la ukurasa, chomeka waya mmoja tu kwenda kisanduku kikuu, na meshi iache katika hali ya ruta. Kisha ndani ya meshi andika mwenyewe DNS, yaani anwani ya seva inayoelekeza simu zitafute tovuti wapi, kwa mfano 1.1.1.1 au 9.9.9.9, usipokee anayoletewa na ruta ya zamani. Anwani zitatafsiriwa mara mbili, kwenye ruta ya zamani na kwenye meshi, na kamera za kutazama ukiwa mbali au michezo fulani huenda ikasumbua. Simu za video na muvi hazitaona tofauti. Kama meshi ina WPA3, ulinzi mpya kuliko WPA2, chagua ile ya mchanganyiko na WPA2, simu za zamani za wapangaji zisije zikakwama.

Kisanduku cha pili kisiwekwe mahali mtandao ulipofia. Kiwekwe pale ambapo bado uko imara, kama dirisha la jikoni linalotazama ua. Ukuta wa matofali ya kuchoma hupunguza sana mawimbi ya GHz 5, na bati huyarudisha yalikotoka. Wanaosisitiza waya husema mrukio wa hewani kutoka kisanduku hadi kisanduku hukata kasi nusu. Kweli, kwa vifaa visivyo na redio ya ziada. Lakini anayepokea Mbps 15 kutoka mnarani hatahisi nusu ya 300.

Ukitaka waya hata hivyo, kwaruza uzi mmoja kwa wembe kabla ya kulipa: ukiwa mweupe ndani, ni alumini iliyopakwa shaba, utakatika kwenye viunganishi. Na usivute waya wa shaba juu ya ua kutoka jengo hadi jengo. Kuanzia Novemba radi za Tabora si za mchezo, na radi haihitaji kuupiga waya wenyewe ili iunguze swichi na visanduku vya pande zote mbili. Uani tumia hewa, au faiba.

Ruta iliyotolewa ibonyeze tundu la kurudisha kiwandani kwa sekunde kumi kabla ya kumpa mtu, kwa kuwa ndani yake bado kuna nenosiri ulilozoea kutumia. Fundi akikwambia bado nzima, aigeuze ripita ya chumba cha mwisho cha uani, mkatalie.