Chumba na Meza Si Bajeti

Juzi nilipitishiwa rasimu ya hati ya programu ya ushirikiano wa miaka mitano kati ya serikali na washirika wake wa maendeleo, nikaombwa nitoe maoni ya kihasibu kabla ya siku ya kutia saini. Nilikwenda moja kwa moja kwenye jedwali la mchango wa serikali, kwa kuwa ukweli wa hati za namna hii hujificha huko. Mchango ulikuwa asilimia 20 ya gharama zote. Furaha yangu ilidumu kwa muda wa kufunua ukurasa mmoja. Ukurasa uliofuata ulieleza kwamba asilimia 20 hiyo ni vyumba vitatu vya ofisi, samani, maegesho ya magari, umeme, na muda wa watumishi ambao mishahara yao ingelipwa hata kama programu isingekuwapo. Fedha taslimu: sifuri. Kimojawapo cha vyumba hivyo nakifahamu vizuri, maana nimewahi kukikalia. Katika hati ya awamu iliyotangulia kilithaminiwa kwa karibu nusu ya bei ya sasa, na dari yake inavuja palepale ilipokuwa ikivuja.

Nimefanya uhasibu wa programu za aina hii kwa miaka mingi, kwa hiyo sitajifanya nimeshtuka. Kinachoniudhi ni kwamba pande zote mbili zinajua. Mfadhili anahitaji uwiano fulani ili bodi yake iidhinishe fedha. Wizara inaihitaji programu. Basi wanakaa pamoja na kukitafutia chumba bei inayofaa. Wanaoachwa gizani ni wabunge, ambao hawataona hata senti ya mchango huo katika kitabu cha bajeti, na walipakodi wa nchi mfadhili, wanaoambiwa kwamba serikali mwenza nayo imechangia.

Kasma, yaani mstari wa fedha wenye namba yake katika bajeti, hata iwe ndogo kiasi gani, huzaa watu wa kuihangaikia. Yupo ofisa atakayeitetea ukomo wa bajeti unapopunguzwa; ipo Hazina itakayoulizwa kwa nini robo ya pili imepita bila fedha kutolewa; yupo mkaguzi mkuu atakayeandika hoja, na mtu atatakiwa kuijibu kwa maandishi. Chumba hakina hoja ya ukaguzi. Katika programu moja niliyohudumu, karani wa takwimu alilipwa na mradi, ilhali meza aliyokalia ilihesabiwa kuwa mchango wa serikali. Mradi ulipofungwa, karani aliaga, meza ikabaki. Kwa mujibu wa vitabu, serikali ilikuwa imetimiza wajibu wake wote.

Wapo watakaosema nchi maskini haina fedha ya kuweka. Gavi, muungano wa chanjo, ulianza mwaka 2008 kuzitaka nchi zichangie ununuzi wa chanjo, na kwa nchi zenye kipato cha chini kabisa kiwango kilichowekwa kilikuwa senti 20 za dola kwa dozi. Senti 20! Hakuna anayedai kwamba kiasi hicho kinagharimia programu ya chanjo. Lakini ni fedha halisi, inaombwa katika bajeti kila mwaka, nchi isiyolipa hujulikana kuwa imeshindwa kulipa, na kiwango hupanda kadiri kipato cha nchi kinavyopanda. Napendelea senti 20 ya namna hiyo kuliko asilimia 20 ya samani.

Wafadhili nao wasidhani nawatetea. Katika Azimio la Paris la mwaka 2005 kuhusu ufanisi wa misaada waliahidi kupitisha misaada katika mifumo ya nchi zenyewe na kupunguza kwa theluthi mbili vitengo vya utekelezaji vinavyoendeshwa sambamba na wizara. Mwaka 2010, ambao ndio uliokuwa ukomo, kati ya malengo 13 yaliyopimwa kimataifa ni moja tu lililofikiwa. Vitengo hivyo bado tunavyo, vyenye mishahara yao, magari yao na akaunti zao za benki, huku ofisa wa wizara anayepaswa kuvisimamia akisubiri masurufu ya safari kwa wiki sita. Ile asilimia 0.7 ya pato la taifa ambayo Umoja wa Mataifa uliazimia mwaka 1970 kwamba nchi tajiri ziitoe kama misaada, sitaigusa. Wengi wa walioiahidi hawaigusi pia.

Nakiri, kwa shingo upande, kwamba woga wa wafadhili una sababu. Kashfa ya Cashgate, wizi wa fedha za umma uliofichuka Malawi mwaka 2013, ilipita ndani ya mfumo wenyewe wa malipo wa serikali, na waliokuwa wakichangia bajeti moja kwa moja wakafunga mfereji. Hata hivyo, jibu la mfumo unaovuja ni kuuziba kwa fedha iliyomo ndani yake, ikiwa na wakaguzi na masharti yake. Mfumo usiopitishiwa kitu hauwezi kujifunza kubeba chochote.

Kisha ukaja mwaka 2025. Machi, Marekani ilitangaza kwamba imefuta takriban asilimia 83 ya programu za USAID, shirika lake la misaada ya maendeleo, na Julai shirika hilo likasitisha kazi zake. Uingereza nayo imetangaza kushusha misaada yake hadi asilimia 0.3 ya pato la taifa ifikapo mwaka 2027. Wizara iliyokuwa na kasma, hata nyembamba, ina pa kuanzia: inaweza kwenda Hazina na kuomba nyongeza. Wizara iliyochangia maegesho itaomba nyongeza ya nini?

Maoni niliyoyarudisha yalikuwa mafupi. Nilipendekeza jedwali lote lifutwe na mahali pake pawekwe mstari mmoja wenye namba ya kasma, kiasi cha fedha kwa kila mwaka wa utekelezaji na cheo cha ofisa atakayekitolea maelezo bungeni, hata kama mchango utashuka hadi asilimia mbili. Jibu lilifika siku hiyohiyo: asilimia mbili haitapita kwenye bodi, na muda wa kubadilisha rasimu umekwisha. Nikawaandikia tena, kwa heshima zote, kwamba kwa kuwa chumba kimepandishwa bei kiasi hicho, angalau dari lizibwe kabla ya kutia saini. Hilo bado halijajibiwa.