Akiba ya Jiji la Arusha: miezi miwili ya nini hasa?

GFOA, chama cha maofisa fedha wa serikali za Marekani na Kanada, hushauri akiba isiyopungua miezi miwili ya matumizi ya kawaida. Kipimo hicho kikiletwa Arusha kama kilivyo, kinapotosha. Jiji la Marekani kwa kawaida hulipa lenyewe polisi na zimamoto wake. Hapa mishahara ya watumishi wengi wa halmashauri hutoka Hazina, na mapato ya ndani hubeba mafuta ya magari ya taka, posho za vikao vya madiwani, vibarua na matengenezo. Ukipiga miezi miwili kwa bajeti nzima, ruzuku ikiwemo, unapata fungu kubwa mno ambalo baraza la madiwani litalikataa, na kwa haki.

Wanaopinga akiba wana hoja nzito. Boma la darasa likiachwa bila paa kwa misimu miwili ya masika, kozi za juu za matofali hulegea na fundi hubomoa kwanza ndipo apaue. Bati na nondo nazo hazisubiri bei ya mwaka jana. Halafu mkandarasi anadai, nawe una fedha benki, utamweleza nini?

Lakini Arusha inakula kwa mkono wa utalii. Mwaka 2019 Tanzania ilipokea watalii zaidi ya milioni 1.5, mwaka 2020 wakawa takriban 620,000. Hoteli ikifungwa, ushuru wa kulala wageni unakauka, ushuru wa huduma, unaotozwa kwenye mauzo ya biashara, unafuata, na mama lishe wa stendi anachelewa kulipa pango la kibanda. Taka za Soko la Kilombero hazipungui kwa kiasi hicho.

Kosa kubwa zaidi liko kwenye kuhesabu. Bakaa ya Juni 30, yaani fedha inayobaki mwaka wa fedha unapofungwa, si akiba. Chukua mfano wa kubuni: halmashauri inatumia shilingi bilioni 12 kwa mwaka kwa shughuli za kawaida kutoka mapato ya ndani, yaani bilioni 1 kwa mwezi. Benki kuna bilioni 3, na watu wanashangilia miezi mitatu. Toa milioni 900 za dhamana za wakandarasi, ambazo ni amana ya watu. Toa milioni 600 za mikopo ya wanawake, vijana na wenye ulemavu, ile asilimia 10 inayotengwa kutoka mapato ya ndani. Toa bilioni 1.1 za hati za malipo ambazo hazijalipwa. Inabaki milioni 400: siku 12.

Kwa mji unaotegemea watalii kiasi hiki, miezi miwili ya matumizi yanayolipwa na mapato ya ndani inatosha. Miezi sita ni kulaza fedha huku watoto wakikaa chini. Ijengwe kidogokidogo kwa miaka minne, nusu mwezi kila mwaka, ikiwa na kifungu chake kwenye bajeti. Bila kifungu, fedha hiyo huonekana haina mwenyewe na hupangiwa kazi nyingine kabla ya robo ya tatu kwisha. Iguswe tu makusanyo yakiwa chini ya asilimia 80 ya lengo kwa miezi mitatu mfululizo, na lengo la kila mwezi lipangwe kwa msimu. Aprili na Mei wageni hupungua kila mwaka. Hiyo si dharura, ni kalenda, na dawa yake ni kupanga manunuzi makubwa yasubiri Julai na Agosti.