Ndege 54 au 18? Tuanze na kiti cha mchezaji

Kwa sisi tunaocheza simuleta (michezo ya kompyuta ya kuendesha ndege) za ndege za vita hapa Kampala, ubishi wa misheni za mabomu hauishi. Kuna wanaotaka msafara mzima kama wa mwaka 1943: B-17, ndege za mabomu za Marekani, zipatazo 54, yaani makundi matatu ya ndege 18, zikielekea Ujerumani. Wengine wanasema ndege sita zinatosha, kompyuta ipumue.

Wanaotaka wingi hawatafuti sifa tu. Mpangilio ule, ambao kamanda wa Marekani Curtis LeMay alikuwa mmoja wa walioubuni, ulikuwa silaha. B-17G ilibeba bunduki 13. Ndege 18 zikipangwa kwa ngazi, nyingine juu na nyingine chini, zinakuwa na bunduki 234, na rubani wa Kijerumani aliyezivamia kwa nyuma alipigwa hata na ndege ambazo hakuzigusa. Weka sita tu, na mchezaji mzoefu atazimaliza moja baada ya nyingine bila kutokwa jasho. Halafu kuna shabaha. Kundi zima liliachia mabomu pale kiongozi alipoachia, ili yatandae juu ya eneo lote, maana ndege moja ikikosea imekosea moja kwa moja. Mfano tunao jirani: Machi 1979 ndege ya mabomu ya Libya, Tu-22, iliyoletwa kumwokoa Idi Amin, ilikwenda kupiga Mwanza, na mabomu yakaishia kuua swala kwenye hifadhi ya kisiwa cha Saanane.

Sasa upande wa kompyuta. Kila mpiga bunduki wa bandia lazima aulizwe tena na tena: adui yuko wapi, yuko umbali gani, je, kuna mwenzetu katikati? Zidisha kwa ndege 54. Kazi hiyo inaangukia prosesa, si kadi ya picha, na hapo ndipo wengi wanapopotea. Simuleta ya DCS World, kwa mfano, kwa miaka mingi ilirundika sehemu kubwa ya kazi yake kwenye kiini kimoja cha prosesa, hadi mabadiliko ya mwaka 2023. Kompyuta nyingi tunazonunua mjini ni mitumba ya maofisini; fundi anachomeka kadi nzuri ya picha, prosesa inabaki kuukuu. Msafara ukiingia kwenye upeo wa macho, picha inaanza kurukaruka, na unayemlenga hayupo tena pale ulipomwona.

Hata hivyo, sikubali kwamba kila msafara unaovurugika umevurugwa na mashine. Mara nyingi kosa ni la aliyetengeneza misheni. Tazama gwaride la siku ya uhuru, Oktoba 9, pale Kololo mstari unapogeuka: askari wa ndani anapiga hatua fupi, wa nje anaongeza mwendo. Ndege nazo ni hivyo hivyo. Ukimpa kiongozi mwendo wa juu kabisa, wa pembeni hana nguvu ya akiba. Kwenye kona anaachwa, anakata njia ya mkato, anamgonga mwenzake. Mpe kiongozi maili 150 kwa saa kwenye kipima mwendo, ambazo ndizo marubani wenyewe walizizoea. Achanisha vituo vya njia, gawanya kona kali iwe mbili au tatu za taratibu, na anzisha misheni ndege zikiwa tayari angani. Kujipanga juu ya Uingereza kuliwachukua hata zaidi ya saa nzima. Hakuna mchezaji atakayekushukuru kwa kumsubirisha saa hiyo.

Jambo ambalo pande zote mbili hulisahau ni uwiano. Oktoba 14, 1943 zilitumwa kupiga mji wa Schweinfurt, Ujerumani, B-17 zipatazo 291, zikapotea 60. P-47, ndege za kivita zilizozisindikiza, zilikuwa zimegeukia karibu na Aachen, mpakani mwa Ujerumani, kwa kuishiwa mafuta. Ukipunguza ndege za mabomu ziwe 18 lakini ukawaacha Wajerumani 40, hujapunguza misheni, umeandaa machinjio. Wapunguze nao.

Kwangu mimi, idadi itokane na kiti cha mchezaji. Akiwa Mjerumani anayeshambulia, mpe kundi kamili la 18, bunduki zote zikifanya kazi, maana hofu ya kuingia katikati yake ndiyo misheni yenyewe. Akiwa ndani ya B-17, anachokiona vizuri ni majirani zake. Sita za karibu zinatosha, na kundi la mbele linaweza kuwa michirizi ya mvuke na sauti redioni. Mwenye kiti cha msindikizaji, tuseme kwenye ndege ya kivita aina ya Mustang ya mwaka 1944, ndiye anayehitaji urefu wa msafara, lakini anauona kwa mbali: ongeza ndege, zima bunduki za zile ambazo adui hatazifikia. Kama mchezo wako hauruhusu kuzizima, ondoa kundi la nyuma kwanza.

Shida inabaki kwenye misheni za mtandaoni, ambako viti vyote vitatu vina watu kwa wakati mmoja. Hapo nampendelea anayeshambulia: ndege 18, na wengine wavumilie anga lenye nafasi.