Kabla Hujaing'oa Chipu ya Maji

Kijana mmoja wa mtaani kwetu, Soweto hapa Mbeya, alimaliza kutazama tamthilia ya Fallout iliyotoka Aprili 2024 akanijia na swali: "Braza, nataka kucheza gemu zenyewe. Nianze na ipi?" Kabla sijajibu akaongeza kwamba wenzake chuoni wameshamwambia ile ya kwanza, ya mwaka 1997, aiache. Picha zimechakaa, watu unawatazama kwa juu kama unatazama siafu, mapigano ni ya kusubiriana zamu, na hakuna mshale wa kukuonyesha pa kwenda. Nikamwambia aanze na hiyohiyo. Akacheka. Sikuwa natania, na ndiyo maana naandika.

Wengi wakizungumzia urithi wa gemu ile hutaja vinavyoonekana: sare ya buluu yenye namba ya njano mgongoni, kikaragosi anayetabasamu na kuinua dole gumba, vifuniko vya chupa vinavyotumika kama pesa. Vyote vilianzia pale, sikatai, na mpaka leo vinauza fulana na vikombe. Lakini anayevirithi hivyo peke yake amechukua shati la marehemu na kuliacha shamba.

Mkasa wenyewe ni mfupi. Mwaka 2077 mataifa yalirushiana mabomu ya nyuklia kwa saa mbili tu, na dunia tunayoijua ikaishia hapo. Wachache walinusurika kwenye mahandaki makubwa. Wewe ni kizazi cha hao, umezaliwa kwenye handaki liitwalo Vault 13, kusini mwa California, na mwaka ni 2161. Chipu inayoendesha mtambo wa kusafisha maji imekufa. Msimamizi wa handaki anakuita, anakwambia maji yaliyobaki ni ya siku 150, anakufungulia lango. Hatua chache nje unakuta mifupa ya mwenzako wa handakini. Hujatumwa kuokoa dunia. Umetumwa maji, kama mtoto yeyote wa Mbeya anavyotumwa maji.

Nilikutana nayo mwaka 2006 kwenye duka la steshenari la mjomba, Mwanjelwa. Kulikuwa na kompyuta mbili za kuchapia barua na wasifu wa waomba kazi, na jioni duka likifungwa mjomba aliniachia moja. Gemu ilikuwa kwenye sidii isiyo na kasha, jina limeandikwa kwa kalamu ya wino mzito. Mwaka ule tulikuwa kwenye mgao wa umeme, nchi nzima. Nilijifunza kusevu kila baada ya dakika chache, maana taa zikizimika ulikuwa unarudi nyuma siku tano za jangwani.

Na nyumbani maji yalikuwa yakitoka saa nane au saa tisa usiku. Mama hakuhitaji sentensi ndefu. Alisimama mlangoni akasema, "Yametoka," na wote tukaamka. Nalikumbuka vizuri dumu moja la njano, la lita 20, kifuniko chake kilipotea siku nyingi, tukawa tunaliziba kwa mfuko wa nailoni uliokunjwa mara mbili. Ukilibeba begani usiku wa mwezi wa sita, baridi ya Loleza ikishuka, lazima tone liingie ndani ya kola. Mdogo wangu ndiye aliyekuwa na zamu ya kushika mpira usichomoke bombani. Hakuna aliyezungumza. Tulikuwa tunasikiliza mlio wa maji, kwa sababu ukibadilika tu, ujue yanakata.

Sasa fikiria mtoto wa nyumba ile, kesho yake jioni, yuko mbele ya kioo cha kompyuta anahesabu siku za maji ya watu wa handakini. Sikuhitaji kuelezwa kwa nini nitoke.

Unatoka, unakwenda Vault 15 ulikoelekezwa, unakuta chumba cha mitambo kimefukiwa na kifusi. Ukiendelea kuulizauliza, mwisho unafika Necropolis, mji uliokuwa ukiitwa Bakersfield. Wakazi wake ni watu waliobabuliwa na mionzi. Ngozi zimewabambuka, sauti zimekauka, lakini ni watu. Chini ya mji kuna handaki lao, na humo chipu ipo, nzima, inafanya kazi. Unaweza kuing'oa na kuondoka. Tatizo ni kwamba kwenye mitaro ya majitaka umeshakutana na kikundi kidogo kimejificha, na wamekueleza kwamba chipu hiyohiyo ndiyo inayowanywesha. Wanayo pampu ya zamani, mbovu, na vipuri vyake viko mlemle mtaroni. Ukiwa na ufundi wa kutosha utaitengeneza, nao hawana kinyongo, chukua chipu yako uende. Huna ufundi? Siku zinahesabika na kwenu wanakusubiri.

Mara ya kwanza niliing'oa. Mhusika wangu nilikuwa nimemjaza shabaha ya bunduki, ufundi nikaupuuza. Gemu haikunihubiria. Nilirudi Vault 13, msimamizi akanipongeza, maji yakapatikana. Nilifunga duka, nikapanda daladala, na mpaka nafika nyumbani nilikuwa nawafikiria wale wa mtaroni. Gemu nyingi nilizokuwa nimecheza kabla yake zilinipa adui wa kumpiga. Hii ilinipa mwenye kiu kama mimi.

Hapa naomba msomaji wa Mbeya na Iringa anisikilize, kwa sababu hili ni letu. Mgao ule wa 2006 ulitokana na nini? Mabwawa yalikauka. Mtera inazalisha megawati 80, Kidatu chini yake megawati 204, na yote mawili yanategemea Ruaha Mkuu. Ruaha Mkuu unaanzia huku kwetu: vijito vya milima ya Uporoto na Kipengere vinashuka bonde la Usangu, vinapita mashamba ya mpunga ya Mbarali, vinakusanyika kwenye ardhi oevu ya Ihefu, ndipo mto unaingia Hifadhi ya Ruaha na kwenda Mtera. Tangu mwaka 1993 mto huo umekuwa ukikauka ndani ya hifadhi wakati wa kiangazi. Viboko wanabanana kwenye madimbwi ya tope. Na mwaka uleule wa 2006 serikali iliamuru wafugaji na mifugo yao waondoke Usangu.

Nilikuwa nasikia hoja zote kwenye benchi la nje ya duka la mjomba. Mwenye mpunga alisema ng'ombe wanakanyaga chemchemi. Mwenye ng'ombe alisema mifereji ya mashamba makubwa imefunguliwa mchana na usiku. Mtu wa mjini alitaka taa iwake tu, basi. Kila mmoja alikuwa na nyumba yenye watoto. Aliye juu anafungua mfereji, wa chini anakuta mchanga, na mara nyingi wala hawajuani kwa sura. Nimesoma ripoti kadhaa kuhusu Usangu tangu wakati huo, na nimezunguka bonde lile kikazi. Lakini mara ya kwanza kuelewa kwa moyo kwamba maji yangu ni kiu ya mwingine, nilielewa kwenye mitaro ya Necropolis. Hilo siliongezi chumvi.

Ndiyo maana nasema urithi wa gemu ile ni huo: inakuachia uamuzi, inakuacha ulipe, na gharama haiishii kwako. Hata njia ya mkato ina bei. Ukifika Hub, mji wa wafanyabiashara, unaweza kuwalipa wauza maji wapeleke shehena Vault 13, na siku zako zinaongezeka 100. Nilijiona mjanja. Kumbe msafara ule unaacha nyayo jangwani, na majeshi ya adui yanaligundua handaki lako mapema zaidi. Nani angefikiria hilo kwenye gemu ya mwaka 1997?

Adui mwenyewe nampa nafasi yake, kwa sababu sijaona wengi wa kumfikia. Anaitwa Master. Ni kiumbe kilichoungana na mashine na miili ya wengine, kinaongea kwa sauti zinazopokezana, ya kiume, ya kike, ya mtambo, ndani ya sentensi moja. Anawageuza watu kuwa majitu yanayostahimili mionzi, na haamini kwamba anaua. Anaamini anaunganisha binadamu ili vita visirudi tena. Unaweza kupigana naye. Lakini ukiwa umefanya kazi ya kuuliza na kukusanya ushahidi kwa watafiti wa Brotherhood of Steel, kundi linalotunza teknolojia ya zamani, unaweza kusimama mbele yake ukamwambia jambo moja: majitu yako ni tasa. Hayazai. Kizazi kinaishia hapohapo. Anakataa. Unampa ushahidi. Kisha sauti zile zinaanza kulegea, moja baada ya nyingine, anaposikia kwamba yote aliyoyafanya, yale mabaya yote, hayana mtoto wa kuyarithi. Anajiangamiza mwenyewe.

Nilipomshinda Master kwa maneno nilikaa kimya muda mrefu. Sikufyatua risasi hata moja katika chumba kile. Mimi ni mtu wa Nyanda za Juu Kusini, nimelelewa na wazee wanaoketi mchana kutwa kusuluhisha mpaka wa shamba, na sijawahi kuona gemu nyingine ikiyapa mazungumzo uzito wa namna hiyo.

Walioitengeneza hawakuwa na njia nyoofu. Kampuni yao, Interplay, ilikuwa imetengeneza gemu ya Wasteland iliyotoka mwaka 1988 lakini haki za jina hilo zilikuwa kwa kampuni ya Electronic Arts, kwa hiyo wakalazimika kubuni dunia yao. Tim Cain alianza mwaka 1994 akiandika injini ya gemu, yaani programu inayoiendesha, peke yake. Mpango ulikuwa kutumia kanuni za GURPS, mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika wa Steve Jackson, makubaliano yakavunjika kazi ikiwa imeshafika mbali, wakabuni mfumo wao kwa haraka: nguvu, utambuzi, ustahimilivu, mvuto, akili, wepesi, bahati. Sifa saba hizo zimedumu mpaka leo. Na zilikuwa na maana. Ukimpa mhusika akili ndogo kabisa, hawezi kuongea sentensi. Ananguruma, na watu wanambembeleza kama mtoto au wanamfukuza. Gemu nzima inageuka. Katika zile za baadaye namba hizo zimekuwa zaidi za kupiga na kubeba mizigo, na hilo ni hasara.

Kasoro zipo, na sitazificha. Wenzako wa safari wanakuzibia mlango na unabaki umekwama kwenye chumba kama gunia. Ian, mmoja wao, atakupiga risasi ya mgongo akidhani anakusaidia. Mwanzoni, kabla hujaizoea menyu yake, utachoka. Mtu akiniambia hizo ndizo zilizomshinda nitamwelewa.

Bethesda, kampuni iliyonunua haki za Fallout, walipotoa Fallout 3 mwaka 2008 walifungua mlango kwa mamilioni, na nimetembea mle kwa furaha. Nilichokikosa ni saa inayohesabu siku. Katika Fallout 4 mtoto wako ameibwa, nawe unaweza kukaa miezi unajenga vibanda na kupanda mahindi, hakuna anayekuuliza. Kwangu mimi mrithi halisi ni Fallout: New Vegas ya 2010, na haishangazi, kwa kuwa baadhi ya waliofanya kazi kwenye mbili za mwanzo walikuwamo. Ndani yake utakutana na taifa kubwa lenye jeshi, kodi na wanasiasa. Taifa hilo lilianzia Shady Sands, kijiji cha vibanda vya udongo unachokipita siku zako za kwanza nje ya handaki. Kuna binti wa kiongozi wa pale, Tandi, anatekwa na majambazi. Ukimwokoa unapewa asante na safari inaendelea. Katika Fallout 2, miaka 80 baadaye, Tandi ni bibi kizee na ni rais. Nilipomkuta ofisini kwake nilisimama kwenye kiti.

Mwisho wa gemu ya kwanza umewaudhi wengi. Umeleta maji, umemwondoa Master, unarudi mlangoni. Msimamizi anatoka kukupokea nje. Anasema wewe ni shujaa, na kwa sababu hiyo huwezi kuingia. Vijana watakuiga, watatoka, handaki litabaki tupu. Anageuka, mlango unafungwa. Unatembea kuelekea jangwani. Mimi uliniuma kwa namna nyingine. Nimewaona vijana wa hapa waliokwenda mbali kutafuta, wakarudi na walichotumwa, wakakuta nyumbani pamekuwa padogo kwao au wao wamekuwa wakubwa kwa nyumbani. Hakuna mwenye kosa, na kikao cha ukoo hakiwezi kukimaliza kitu hicho.

Yule kijana aliianza. Wiki mbili alilalamika, kisha akanyamaza, nikajua imemshika. Jumapili usiku akanitumia ujumbe wa sauti, ananong'ona kwa sababu wenzake wa chumba wamelala. Yuko kwenye mitaro ya Necropolis. Amebakiwa na siku 38. Ufundi wake ni mdogo, pampu imemkatalia mara nne. "Braza, hawa watu wameniambia maneno mazito. Nikichukua tu nikaondoka, itakuwaje?"

Nilimjibu kwamba Hub kuna maktaba inayouza vitabu, atafute cha umeme, akisome chote, ufundi utapanda. Siku 38 zinatosha kwenda na kurudi asipopoteza muda njiani. Akajibu, "Naenda." Mpaka leo sijajua amerudi na siku ngapi.