Gari Langu, Jina la Mzee wa Mumias

Nimetoka saiba sasa hivi, duka la kompyuta na intaneti hapa Kondele, Kisumu, na naomba niseme kabla hasira hazijapoa. Tovuti ya serikali ya kuhamisha umiliki wa magari leo ilitupokea vizuri, ikakubali kila tulichojaza, na tulipokaribia kabisa kitufe cha mwisho ikatutoa nje kwa maelezo kwamba tumekaa muda mrefu bila kufanya lolote. Bila kufanya lolote! Mimi, mweka hazina wa chama cha mazishi cha ukoo, mtu ambaye hesabu zake hazijawahi kutiliwa shaka hata na mashemeji, naambiwa na mashine kwamba nilikuwa nimezubaa, ilhali nilikuwa wima, simu sikioni, nikimbembeleza mtu tangu saa nne asubuhi.

Wenye magari mnaelewa. Ukinunua gari kwa mtu, Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inakupa siku 14 tu za kulitumia barabarani kabla hujasajiliwa kuwa mwenye gari, na sheria hiyo hiyo inasema kwamba yule ambaye jina lake limo kwenye rejista ndiye mwenye gari mpaka ithibitishwe vingine. Mimi sina ugomvi na sheria. Nataka kuitii. Nimeoga, nimevaa shati la kola, nimebeba kitambulisho, PIN ya kodi na mkataba wa mauziano uliopigwa muhuri na wakili, nikaenda kuitii, nayo haitaki kutiiwa.

Mwaka 2023 tulitangaziwa kwamba huduma zaidi ya 5,000 za serikali zimehamia mtandaoni, na mimi nilikuwa miongoni mwa waliopiga makofi, kwa maana nakumbuka enzi za kupanda basi la usiku kwenda Nairobi, fomu imekunjwa ndani ya soksi, ili tu kukuta afisa mwenye muhuri yuko likizo. Siku hizi sipandi basi. Napanda ngazi za saiba, nakaa kwenye benchi nyuma ya wanafunzi wanaotafuta mikopo ya chuo na akina mama wanaofuatilia vyeti vya kuzaliwa, na binti wa saiba, ambaye kusema kweli ndiye serikali pekee niliyowahi kuiona kwa macho, ananiambia, "Baba, subiri kidogo, sistimu iko chini." Bima nayo imekataa kuandika jina langu mpaka logbuku, yaani cheti cha umiliki wa gari, ibadilike. Benki sikuthubutu hata kuiuliza.

Utaratibu wenyewe ukisimuliwa ni mtamu. Muuzaji anaingia katika akaunti yake, anaandika namba ya gari na kitambulisho cha mnunuzi, ada inalipwa kwa simu kulingana na ukubwa wa injini, mnunuzi naye anaingia katika akaunti yake na kukubali, kisha mnasubiri jina jipya. Ni dhahiri kwamba walioutunga hawajawahi kununua Probox kwa mzee wa Mumias mwenye simu ya kabambe, ile ndogo ya vitufe. Akaunti ya mzee huyu ilifunguliwa na mjukuu wake, na mjukuu sasa ni bawabu huko Qatar, kwa hiyo nywila tuliipata kwa kumvizia kijana wa watu atoke zamu ya usiku. Hilo lilikuwa jambo jepesi.

Zito lilikuwa namba ya kuthibitisha. Binti akibonyeza kitufe hapa Kondele, ujumbe wenye tarakimu unaingia katika simu ya mzee kule Mumias, na namba hiyo inaharibika upesi kuliko omena waliosahauliwa mvuani. Nikampigia mzee. Akapokea, akanisalimu, akauliza hali ya watoto, hali ya mvua, hali ya biashara ya chakula cha kuku, nami nikajibu yote, maana huwezi kumkata mzee salamu kwa sababu ya mashine. Nikamwambia, "Mzee wangu, kuna ujumbe umeingia sasa hivi, nisomee namba iliyomo." Akasema hawezi kusoma ujumbe huku anaongea, kwa sababu simu ni moja. Nikamwomba akate, asome, anipigie. Akasema hana salio. Nikamtumia salio. Akanipigia na kunisomea, polepole na kwa sauti ya mtu anayesoma waraka kanisani, tangazo la kampuni ya kamari lililomjulisha kwamba ameteuliwa kushinda.

Binti akabonyeza tena. Safari hii mzee alikuwa na namba halisi mbele ya macho, nikamsikia akivuta pumzi, kisha akanyamaza.

"Kijana," akasema (nina wajukuu wawili, lakini kwake mimi ni kijana), "chifu alituambia barazani tusimpe mtu yeyote namba inayoingia kwenye simu."

"Ni kweli, mzee wangu, lakini mimi ndiye niliyenunua gari."

"Hata wao husema hivyo."

Hebu mniambie, ningemjibu nini? Benki inasema usimpe mtu. Kampuni ya simu inasema usimpe mtu. Ujumbe wenyewe, ule uliokuwa mkononi mwake, unasema usimpe mtu. Mzee huyu ndiye raia pekee katika eneo zima la magharibi aliyesikiliza maonyo yote na kuyashika, na sistimu nzima ya kuhamisha magari mashinani inaendeshwa na watu wanaoyapuuza kila siku kuanzia saa mbili asubuhi.

Akaamua kunihoji. Akauliza gari lilikuwa na kasoro gani siku niliyolichukua. Nikajibu kwamba yeye aliniambia halina kasoro hata moja. Akasema jibu hilo ni sahihi, lakini hata tapeli angeweza kulibahatisha. Basi akauliza swali la mwisho: nilimlipa shilingi ngapi? Bei ya gari, ndugu zangu, ni siri ya mtu na mkewe, na wakati mwingine ni siri ya mtu peke yake. Nikainamisha kichwa, nikanong'ona. "Sikusikii," akasema mzee. Nikarudia kwa sauti ya wastani. "Netiweki mbaya, pandisha sauti." Na mimi, mweka hazina, katikati ya saiba iliyojaa watu, mmoja wao akiwa jirani niliyemwambia juzi kwamba hali ni ngumu na sina cha kumkopesha, nikapaza sauti: "Laki nne na themanini!"

Saiba nzima ikanyamaza, printa pekee ikaendelea kukohoa. Kisha mwanafunzi mmoja, bila kuinua macho kwenye kioo, akauliza, "Probox ya mwaka gani?" Nikaona ni adabu kumjibu. Akauliza kama ni ya 1,300 au 1,500. Mama mmoja mwenye kiondo cha dagaa akasema shemeji yake alipata yenye redio na viti vipya kwa laki nne. Mwenye tuktuk aliyekuja kupiga nakala ya leseni akatoka nje kulitazama gari, akaligonga bodi kwa kidole, akarudi akitikisa kichwa na kutoa hukumu: "Mzee, ulilaliwa." Jirani yangu hakusema neno. Alinitazama tu, kwa makini, kama anayenipima upya.

Huku mahakama hiyo ikiendelea, mzee wa Mumias alikuwa ameridhika kwamba mimi ndiye mimi, na alikuwa akisoma namba kwa utulivu mkubwa, tarakimu baada ya tarakimu, katika simu niliyokuwa nimeiondoa sikioni ili kujitetea kuhusu bei. Niliporudi alikuwa amemaliza. Nikamwomba arudie, akarudia, binti akaandika, na hapo ndipo mashine ikatupa ile habari ya kukaa bila kufanya lolote. Tulipoanza upya, ikatutaka kwanza tuthibitishe kwamba sisi ni binadamu kwa kuchagua picha zote zenye pikipiki. Binti akachagua pikipiki zote, mwenye tuktuk akasisitiza kwamba moja ni baiskeli ya injini na haihesabiwi, wakabishana, stima ikapotea.

Jamani, nimechoka. Sitaki serikali inipunguzie lolote, sitaki msamaha wa ada, nataka jina langu liandikwe kwenye gari nililolilipia, wanitoze, wanipe risiti, niende zangu nikauze chakula cha kuku.

Na ubaya ni kwamba mtu wa saiba, kwa nia njema kabisa, alimweleza mzee kwa simu yangu kuhusu ile Sura ya 403, kwamba mpaka jina libadilike yeye ndiye mwenye gari machoni pa sheria, na likikosea barabarani ataanza kutafutwa yeye. Sasa mzee ana wasiwasi wa kisheria. Amekwisha kunipigia jioni hii, kwa salio nililomtumia, kuuliza gari limeshinda wapi, limelala wapi, na kama ni kweli nilionekana nalo Maseno likiwa limebeba magunia hadi juu ya paa. Nilimjibu kwa heshima. Akaniambia pia nisiliendeshe usiku kwenda matangani, na kwamba breki za nyuma zinahitaji kuangaliwa, jambo ambalo siku ya mauzo halikutajwa. Halafu, kwa sauti ya chini ya mtu anayejua haki zake, akanijulisha kwamba Jumamosi ukoo wake unapeleka mahari Butere, kwamba wazee ni wengi, na kwamba angependa gari lake lifike Mumias mapema, likiwa limeoshwa na tangi limejaa.